Muhuri wa Duara Ulionichukua Wiki Tano

Kuzungusha maneno kwenye duara, kwa anayejua, ni kazi ya nusu saa. Mimi ilinichukua karibu wiki tano na shilingi 80,000 za mfukoni mwangu, kwa kazi ambayo malipo yake yalikuwa 25,000. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Wete, Chake na kwengineko Pemba wanaotengeneza kadi za harusi na mabango kwenye kompyuta kuukuu. Najua iko siku mtu atawajia na kusema, "Nataka muhuri wa duara," nao watajibu upesi kama nilivyojibu mimi: hakuna tabu.

Waliokuja kwangu walikuwa mwenyekiti na katibu wa kikundi cha wakulima wa mwani wa upande wa Micheweni. Wanauza mwani mkavu, na sasa wanapika sabuni ya mwani. Walitaka vitu viwili: muhuri wa kupiga kwenye risiti na barua, na lebo ya duara ya kubandika juu ya sabuni. "Mwanangu," aliniambia Bi Mwenyekiti, "risiti isiyo muhuri watu wanaiona kikaratasi tu. Tumechoka kuonekana wababaishaji."

Maneno yale yaliniingia. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na tangu hapo kazi hii imebebwa zaidi na wanawake. Mama yangu naye alikuwa akishuka pwani na vigingi, kamba na tai-tai, zile kamba nyembamba za kufungia mwani. Nilimuona anarudi jioni na vidole vilivyokunjamana kwa maji ya chumvi. Kwa hiyo muhuri huu sikuuona kazi ndogo hata kidogo, na labda ndiyo maana makosa yake yaliniuma mno.

Maneno waliyonipa ni haya: juu KIKUNDI CHA WAKULIMA WA MWANI, chini MICHEWENI PEMBA, katikati tawi la mwani. Muhuri uwe na upana wa milimita 40. Nikaandika kwenye daftari, nikapokea 10,000 ya kutangulia, nikawasindikiza mpaka kituoni. Sikuhesabu herufi. Kosa la kwanza ni hilo, na mengine yote yalizaliwa hapo.

Usiku wa kwanza nilifanya kazi kwa mkono. Nilichora duara, nikaandika K peke yake, nikaizungusha kidogo, nikaiweka. Kisha I, nikaizungusha zaidi, nikaiweka. Mpaka umeme unakatika saa nane usiku nilikuwa nimefika kwenye CHA. Asubuhi nilipoangalia, kila herufi ilikuwa imeinamia upande wake, moja juu, moja chini, kama vigingi vilivyopigwa na mawimbi. Usifanye hivi hata kama herufi ni tano tu. Jicho la mtu linatambua upesi sana herufi isiyokaa sawa kwenye duara, kuliko linavyotambua kwenye mstari ulionyooka.

Siku ya pili rafiki yangu alinionesha njia nyengine kwenye programu ya picha: unaandika maneno, unachagua athari ya upinde, maneno yanapinda. Yalipinda kweli, lakini herufi zilivutwa kama mpira. Vichwa vilivimba, miguu ikabanwa, na W ya kwenye WAKULIMA ikawa nene kuliko ya kwenye MWANI. Athari ile inapinda umbo la herufi lenyewe. Kwa bango la harusi inaweza kupendeza. Kwa muhuri unataka kila herufi ibaki na umbo lake la asili, ila imesimama kwenye mstari wa mviringo.

Siku ya tatu ndipo nilipofika penyewe. Mimi natumia programu ya kuchorea iitwayo Inkscape, kwa sababu ni ya bure na kompyuta yangu kuukuu inaimudu. Unachora duara huku umebana Ctrl ili lisiwe yai. Unaandika maneno pembeni. Unachagua vyote viwili kwa pamoja, unakwenda kwenye menyu ya Text na kubonyeza Put on Path. Papo hapo maneno yanapanda juu ya duara na kila herufi inasimama wima juu ya ukingo. Nilipoona hivyo nilipiga kelele mpaka mdogo wangu akaja mbio. Mafundi wengi wa mihuri wanatumia CorelDRAW, na huko amri inaitwa Fit Text to Path. Kwenye Illustrator kuna kifaa kinachoitwa Type on a Path, unabonyeza ukingo wa duara na kuanza kuandika. Majina ni tofauti, wazo ni moja: duara ni njia, na maneno yanatembea juu yake.

Hapa kuna mambo ambayo hakuna aliyeniambia. Kwenye Inkscape maneno huanzia upande wa kulia wa duara, pale penye namba 3 ya saa ya ukutani, yakaenda upande wa mishale ya saa. Usihangaike kuyasukuma maneno. Chagua duara peke yake, libonyeze mara ya pili mpaka mishale ya kuzungusha itokee, ulizungushe, na maneno yatafuata. Halafu, usilifute duara. Mimi nililifuta, kwa sababu sikutaka lionekane kwenye muhuri, na maneno yakapoteza mzunguko wake mara moja. Duara ndilo linaloyashika. Ukitaka lisionekane, liondolee rangi ya ukingo na ya ndani tu, libaki hapo bila kuonekana.

Basi nikawa na maneno ya juu. Ya chini nikayaunganisha kwenye mzunguko huohuo: KIKUNDI CHA WAKULIMA WA MWANI, nyota, MICHEWENI PEMBA, nyota. Kwa hiyo MICHEWENI PEMBA ilikaa chini ya duara ikiwa kichwa chini, miguu juu. Nilijiambia hata sarafu nyengine ziko hivyo. Nikamtumia katibu kwa WhatsApp. Ilikuwa bamvu, maji yametoka mbali, kina mama wako pwani tangu asubuhi. Jibu lilikuja baada ya siku nne: "Nzuri sana." Nikachapisha lebo 150 pale Wete kwa shilingi 300 moja, jumla 45,000, fedha za kikundi.

Nilipozipeleka, mama mmoja mtu mzima alichukua kipande cha sabuni, akabandika lebo, akakiweka kwenye meza mbele yake. Akakitazama. Akainamisha kichwa. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona jina letu limepinduka?"

Sikuwa na jibu. Katibu aliona mchoro kwenye simu, na mtu mwenye simu mkononi anaizungusha bila hata kujua kwamba ameizungusha. Sabuni iliyoko kwenye rafu ya duka haizunguki. Jina la mahali pao, ndilo walilojivunia kuliko yote, lilikuwa halisomeki mpaka ugeuze sabuni. Niliwaambia lebo nitazirudia kwa gharama yangu. Njiani kurudi Wete sikuzungumza na mtu. Ushauri wangu kwa hilo ni mfupi: mteja asikubali mchoro wa duara kwenye simu. Uchapishe kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, uukate kwa mkasi, umbandikie ukutani autazame bila kuugusa.

Nilirudi kwenye kompyuta nikitaka maneno ya chini yasomeke wima. Nikajifunza kwamba duara likipinduliwa kushoto kulia, kwa herufi H ya kibodi, maneno yanageuza mwendo na kuingia ndani ya duara. Kwa hiyo nikalinakili duara, nikalipindua, nikaliwekea MICHEWENI PEMBA. Ikasomeka wima. Lakini kuna kitu kilikuwa hakikai. Maneno ya juu yalikuwa nje ya duara na ya chini yalikuwa ndani, kana kwamba mihuri miwili imegongwa pamoja. Nilijaribu kuyasogeza, kuyakuza, kuyapunguza. Siku tatu nzima.

Aliyenifungua macho ni bibi yangu, ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Alikuwa barazani anashona kawa la kufunikia chakula, anazungusha ukili, ule mkanda uliosukwa, kutoka kileleni kuja chini. Nilikaa karibu yake nimenuna. Ukili wake ulikuwa unakaribia kwisha na alikuwa anakadiria kama utafika. Akausogeza mkononi, akasema, "Huu ungetosha raundi ya juu. Hii ya nje haitoshi, inakula zaidi. Kila raundi na ukili wake."

Kila raundi na ukili wake! Nilikuwa nalazimisha maneno yote mawili yakae kwenye raundi moja. Maneno ya juu yanasimama nje ya mstari wake, yaani miguu iko kwenye duara na vichwa vinatazama nje. Maneno ya chini yanayosomeka wima yanasimama ndani ya mstari wake, yaani vichwa vinatazama katikati. Ili yote yakae kwenye ukanda mmoja, miguu ya maneno ya chini lazima iwe pale pale vilipo vichwa vya maneno ya juu. Kwa hiyo duara la chini ni lazima liwe kubwa zaidi, na si kwa kubahatisha: unachukua kimo cha herufi, unakizidisha mara mbili, unajumlisha kwenye kipenyo cha duara la juu. Herufi zangu zikiwa na kimo cha milimita 2.5 na duara la juu milimita 30, la chini linakuwa 35. Yote mawili yana kitovu kimoja. Niliandika namba hizo, na kwa mara ya kwanza mambo yakakaa.

Hapo hapo nikafanya hesabu ambayo ilipaswa kuwa ya siku ya kwanza. Mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14. Duara la milimita 30 lina mzingo wa kama milimita 94. Maneno ya juu yana herufi 25 na nafasi 4. Nilikuwa nimeyaandika mwanzo kwa kimo cha milimita 3.5, na nilipoyapima yakiwa yamenyooka yalikuwa na urefu wa milimita 87. Yaani maneno ya juu peke yake yalikuwa yanataka kumaliza duara zima, ndiyo maana siku zote nilikuwa nayabana mpaka herufi zinakanyagana. Kwa kimo cha 2.5 yalishuka hadi 62, kama asilimia 66 ya mzunguko. MICHEWENI PEMBA ilikuwa na milimita 34 kwenye duara la chini lenye mzingo wa 110, asilimia 31. Jumla 97. Hakuna pa kuweka nyota wala pa kupumulia.

Lugha yetu ina maneno marefu na viunganishi vingi, na hili lazima mchoraji alikubali mapema. Mfano mwingi wa muhuri utakaouona kwenye kompyuta una maneno mawili matatu mafupi. Ya kwetu ni "cha", "wa", "ya", na kila kimoja kinataka nafasi mbele na nyuma, la sivyo watu watasoma WAMWANI. Nilimpigia Bi Mwenyekiti simu nikamueleza kwamba nafasi haitoshi na kupunguza herufi zaidi ni kuziua. Nilidhani atakasirika. Aliuliza swali moja tu: "Pemba itatoka?" Nikamwambia haitoki, itakaa katikati chini ya tawi la mwani, kwa herufi kubwa kuliko zote. Akacheka, akasema basi hapo ndipo mahali pake. MICHEWENI ikabaki chini peke yake, milimita 20, na nyota zikapata nafasi pande zote mbili.

Mambo mengine madogo niliyoyapata kwa kuteleza. Kwenye Inkscape ukiandika kipenyo cha milimita 30 na duara lako lina ukingo mnene, unene ule unahesabiwa ndani ya 30, na njia ya maneno inakuwa ndogo kuliko unavyodhani. Ondoa ukingo kwanza, ndipo uandike kipimo. Ili maneno ya juu yakae sawasawa, usitegemee jicho. Vuta mstari wa mlalo wa kuongozea, zungusha duara mpaka mguu wa K ya mwanzo na mguu wa I ya mwisho iwe kimo kimoja. Na angalia WA. Kwenye mgongo wa duara vichwa vya herufi vinaachana na miguu inakaribiana, kwa hiyo mianya baina ya herufi haionekani sawa hata kama kompyuta inasema iko sawa. WA ilitokea mara mbili kwenye maneno yangu, tatu ukihesabu iliyomo ndani ya MWANI, na kila mara W na A zilionekana kama wamegombana. Unaweka mshale baina ya herufi mbili, unabana Alt na kutumia vitufe vya mishale kuzisogeza. Maneno ya chini ni kinyume: vichwa vinabanana, hivyo yaachie nafasi zaidi kidogo. Tumia herufi kubwa tupu. Herufi ndogo kama g, j, p na y zina mikia, na mikia inagonga ukingo wa muhuri.

Nikadhani nimemaliza. Lebo mpya nilizichapisha, 45,000 zangu, zikatoka vizuri. Muhuri nikatuma faili kwa fundi wa Unguja. Gharama ilikuwa 30,000 na 5,000 ya kuuleta kwa boti mpaka Mkoani, na hizo zililipwa na kikundi. Nilikwenda kuuchukua mwenyewe nikaupeleka moja kwa moja.

Katibu alifungua daftari ukurasa mweupe. Bi Mwenyekiti akaushika kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akapiga. Alipouinua, herufi hazikuwa zangu. Zilikuwa nene, pana, na NI ya mwisho ya MWANI ilikuwa imepanda juu ya nyota. Matundu ya ndani ya A yalijaa wino. Hakuna aliyesema neno. Mimi nilihisi joto la uso mpaka masikioni, nikatamani ardhi ipasuke.

Kosa lilikuwa langu. Nilituma faili ambalo maneno yake bado ni maandishi. Fonti, yaani mtindo wa herufi, niliyotumia haikuwepo kwenye kompyuta ya fundi, kompyuta yake ikaweka nyengine iliyo pana zaidi, na hesabu yangu yote ya milimita ikavunjika. Fundi alikata alichokiona. Dawa yake ni hatua moja: kabla ya kutuma, chagua maneno yote na uyageuze kuwa maumbo. Kwenye Inkscape ni Object to Path katika menyu ya Path, kwenye CorelDRAW ni Ctrl na Q, kwenye Illustrator ni Create Outlines. Baada ya hapo herufi ni michoro, hakuna kompyuta itakayozibadilisha. Lakini hutaweza tena kuzisahihisha, kwa hiyo hifadhi mafaili mawili: moja la kwako lenye maandishi, moja la fundi. Tuma pia picha ya PDF ili afananishe, na umuombe akutumie picha ya mwisho kabla hajakata mpira.

Na kitu kimoja kuhusu kioo. Mpira wa muhuri hukatwa maneno yakiwa kinyume ili yakipigwa yasomeke. Nilikuwa karibu kuyageuza mwenyewe. Muulize fundi wako kwanza. Wa kwangu anageuza yeye, na kama ningegeuza na mimi tungekuwa tumerudi pale pale.

Muhuri wa pili niliulipia mwenyewe, 35,000 pamoja na boti. Mama yangu aliponiuliza kwa nini sikuwaambia kikundi wachangie, nilimwambia wao walilipa mara moja kwa kazi iliyo sahihi, na hawakuipata mara ya kwanza. Hakunijibu, lakini usiku alinitengea kipande kikubwa cha samaki.

Ulipofika ilikuwa maji mafu, hayatoki mbali, kina mama wote walikuwepo. Safari hii nilikuwa nimeshaupiga mara 20 nyumbani kwenye karatasi, nikaangalia kila A. Bi Mwenyekiti alimpa katibu aupige yeye. Kulikuwa na mnunuzi amesubiri mlangoni na magunia yake, risiti yake imeshaandikwa. Katibu aliulenga muhuri kwenye kona ya karatasi, akaubana, akauinua taratibu, akapuliza wino ukauke. Kisha akamsomea mnunuzi kwa sauti, kidole kikizunguka duara kutoka kushoto, mpaka chini, mpaka katikati.